Tulikodi Boti, Hatukununua Samaki

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, aliyewatiishia waja wake bahari wakala vilivyomo na wakasafiri juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu wa kiume na wa kike wa matawi yetu ya Gitega na Muyinga,

Amiri ameniomba niandike neno juu ya adabu za safari, kwa kuwa likizo hii matawi yetu mawili yameazimia kuteremka Rumonge pamoja na baadhi ya familia zetu, kukodi mashua na kushinda ziwani Tanganyika tukivua. Nadhani alitarajia niandike dua ya kupanda chombo, kupunguza sala na sitara ya dada zetu. Hayo mnayajua, na asiyeyajua atayakuta katika kitabu chochote kidogo cha fiqhi. Mimi nitaandika jambo moja tu, nililolifanya mwenyewe mwaka jana kwenye boti ya kuvulia samaki huko Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Jambo lenyewe halijaisha hadi leo.

Kila aliyesoma Bulugh al-Maram ya Ibn Hajar anajua kwamba hadithi ya kwanza kabisa ya kitabu kile ni ya bahari. Mtu mmoja alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba wao hupanda chombo na kuchukua maji machache ya kunywa, wakiyatawadhia watabaki na kiu, je, watawadhe kwa maji ya bahari? Mtume akajibu kwamba maji yake yanatwaharisha, kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa, kwamba hata mfu wa bahari ni halali. Ametuhadithia Abu Huraira. Tulianza kuisoma hadithi hii madrasa ya Muyinga, tumezungukwa na vilima na migomba, na samaki tunaowajua ni mukeke na ndagala waliopandishwa kutoka ziwani. Nilikuwa naweza kuisoma hadithi ile kwa moyo pamoja na majina ya walioipokea, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini yule mtu aliuliza. Maji si maji? Nilielewa siku niliyochota bahari kwa kiganja nikasukutua. Chumvi ile ilinikaba koo. Mtu aliyezoea maji matamu akiyaonja yale, lazima atie shaka.

Tulikuwa tisa. Wanafunzi watano, watatu wa Muyinga na wawili wa Gitega, tuliovuka mpaka wa Kobero tukapanda basi hadi Dar es Salaam. Na pale tukaungana na baba mdogo wa mmoja wetu, anayeishi huko miaka mingi, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Baba mdogo ndiye aliyetuvusha kwa feri hadi Unguja. Fikra ya kuvua ilikuwa yetu sisi vijana. Tulikuwa tumeona picha za watu waliokumbatia nduwaro mrefu kuliko wao wenyewe, na tukasema hatuwezi kurudi milimani bila picha kama hiyo.

Ufukweni tulimpata nahodha mmoja, mtu wa makamo, mwenye boti ya faiba yenye injini. Tukakubaliana shilingi 360,000 za Tanzania kwa boti nzima, kutoka saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, mishipi na chambo juu yake. Nusu, yaani 180,000, tulitoa jioni ile ile kwa ajili ya mafuta. Nusu ya pili tungelipa tukirudi. Kila mchangiaji, sisi watano na baba mdogo, alitoa sawa na mwenzake. Nahodha alituonya mapema. Alisema mwezi ni mpevu, maji ni ya bamvua, mkondo unakwenda mbio. Kama tungengoja siku tatu nne, bahari ingekuwa tulivu zaidi na samaki wangeshika vizuri. Tukamwambia tiketi zetu za kurudi haziruhusu. Akasema, basi tutakwenda, mtapata kolekole, mtapata nguru au jodari mkibahatika. Naomba mlishike neno hilo, mkibahatika. Mimi sikulishika.

Asubuhi tukaondoka. Nahodha alikaa kwenye usukani, na kijana mmoja ambaye hata ndevu hazijamtoka ndiye aliyekuwa baharia wake: yeye ndiye aliyefunga chambo, aliyetupa mishipi, aliyeshika boti isipigwe na wimbi tulipopunguza mwendo, na ndiye aliyeosha matapishi yetu. Maana tulitapika. Tulirambaza kuelekea maji makuu, mishipi minne ikiburuzwa nyuma, nahodha akitazama ndege wa baharini wanapojikusanya, kwani chini ya ndege kuna dagaa na nyuma ya dagaa kuna wakubwa. Tulipofika walipokuwa, ndege wakahama. Tukawafuata. Wakahama tena. Mshipi mmoja ulivutwa kwa nguvu hata tukapiga takbira, kisha ukarudi mtupu, umekatwa safi kama kwa mkasi. Nahodha akasema huyo ni mzia. Hadi adhuhuri tulikuwa na kolekole wawili, wadogo, na wote wawili walishikwa na mke wa baba mdogo, ambaye tangu mwanzo alisema yeye amekuja kuangalia watoto tu. Alitucheka hadi tulipofika pwani, na alikuwa na haki.

Adhuhuri iliingia tukiwa majini. Sisi, kwa kuwa ni wasafiri, tungeweza kuichelewesha tukaikusanya na alasiri. Lakini nahodha alizima injini, akachota maji ya bahari akatawadha, akamwita kijana naye akatawadha. Akaniuliza kibla nakijua. Nikaanza kukokotoa. Akacheka, akanyoosha mkono: huku kwetu, ustadhi, kibla ni kaskazini tu. Ni kweli, ukitazama ramani utaona Makka na Unguja karibu ziko kwenye mstari mmoja. Akanisukuma mbele niwasalishe. Tulisali tumekaa, kwa kuwa boti ilikuwa inayumba na aliyesimama angeanguka, na hiyo ni ruhusa inayojulikana. Nawaambieni wazi kwamba sijawahi kusali sala yenye khushui kama ile.

Saa mbili baadaye nilimdhulumu yule mtu.

Tulipofika ufukweni, wenzangu walikuwa wamechoka, wamechomwa na jua, na hawana picha. Mmoja akasema, hatuwezi kulipa 180,000 nyingine kwa kolekole wawili. Nahodha akasema kwa upole, "Wanangu, mie nimekodisha chombo, samaki sikuuza." Baba mdogo akasema tumlipe mzee wa watu, twende zetu. Hapo ndipo mwenzetu mmoja aliponigeukia akasema, tumuulize ustadhi, yeye ndiye anayesoma dini. Wote wakanitazama. Na nahodha pia akanitazama, kwa sura ya mtu aliyefurahi kwamba sasa jambo limefika kwa mwenye kulijua.

Nilikuwa nimesoma mlango wa biashara muhula ule. Nikakumbuka hadithi ya Ibn Mas'ud, aliyoipokea Imamu Ahmad, inayokataza kumnunua samaki aliye majini kwa kuwa ni gharar. Nikaitaja kwa Kiarabu, kisha nikaifasiri. Nikasema: tumelipia samaki walio baharini, mkataba kama huu umebatilika, kwa hiyo nusu ya pili hatudaiwi, lakini kwa ihsani tumpe 60,000 tumalize. Nilitumia neno ihsani, Allah anisamehe. Nahodha akauliza swali moja tu: "Hilo ni neno la Mtume?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kama ni neno la Mtume, mie sina la kusema." Akapokea 60,000 bila kuzihesabu. Kolekole wale tuliwaachia wao, tukaona hiyo nayo ni sadaka.

Nilirudi Gitega, masomo yakaendelea. Tukamaliza mlango wa biashara, tukaingia mlango wa ijara. Katika Bulugh al-Maram milango hii miwili haiko mbali. Ni kurasa chache tu, ila mimi ufukweni nilikuwa sijazifikia. Na hata ile niliyoifikia sikuisoma hadi mwisho. Ibn Hajar anapoitaja hadithi ya samaki majini anaongeza kwamba Ahmad mwenyewe ameashiria kuwa kilicho sawa ni kwamba ile ni kauli ya Ibn Mas'ud, si ya Mtume. Ni maneno machache mwishoni mwa hadithi, yale tunayoyaruka tunapohifadhi kwa ajili ya mtihani. Yule mtu aliniuliza jambo lile lile hasa, nikamjibu ndiyo.

Kisha tuangalie hukumu yenyewe. Tuseme hadithi ile inashika hoja, na wanazuoni wanakubali maana yake. Je, ilituhusu? Anayenunua samaki majini hulipa thamani ya samaki, na asipowapata amekula hasara. Sisi tulilipia nini? Tulilipia chombo chenye sifa inayojulikana, kwa saa zinazojulikana, pamoja na kazi ya watu wawili. Hiyo ni ijara, kukodi manufaa, na manufaa yale tuliyapata yote, kuanzia saa moja hadi saa nane. Samaki hakuwa katika mkataba. Kama tungetaka malipo yategemee samaki, tungesema tangu jioni ile: ukitupatia jodari tutakupa kiasi fulani, usipompata huna kitu. Hiyo wanazuoni wanaiita ju'ala, na dalili yake iko katika Suratu Yusuf, pale lilipotangazwa shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme. Nahodha angekubali au angekataa, hilo ni juu yake. Lakini kupatana ijara asubuhi na kuigeuza ju'ala mchana, baada ya kuona ndoo iko tupu, hilo halina mlango katika vitabu vyetu.

Mwalimu wangu alinimalizia. Sikumwambia ni mimi. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza masuala tu. Alisema, hata ukichukulia kwamba mkataba ule ulikuwa batili tangu mwanzo, katika madhehebu ya Imamu Shafii aliyekwisha kutumia manufaa katika ijara batili analazimika kulipa ujira wa mfano, yaani kile ambacho watu wa mahali pale hulipana kwa kazi kama ile. Kwa hiyo fatwa yangu ilikuwa mbovu hata kwa msingi wake wenyewe. Mkataba ukiwa sahihi, nadaiwa. Ukiwa batili, nadaiwa.

Katika mlango huo huo kuna hadithi ya kudsi, aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira, ya watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina la Allah kisha akahaini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Zamani nilikuwa nikiisoma nikawafikiria matajiri wenye mashamba na viwanda. Sikujua kwamba mwanafunzi mwenye deni la karo naye anaweza kuwa mwajiri kwa saa saba, na saa saba zikatosha.

Ijumaa moja, nikisoma Suratul Kahf kama tunavyosoma sote, nilifika kwenye jahazi alilolitoboa Khidhr. Allah anawaita wenye jahazi lile masikini wanaofanya kazi baharini. Imamu Shafii na wafuasi wake wameitumia aya hii kuonyesha kwamba masikini anaweza kuwa na kitu, hata chombo kizima, na bado akawa masikini, kwa kuwa anachokipata hakimtoshi. Tulipomwona nahodha ana boti na injini tulisema huyu ana mali, hawezi kuumia kwa kidogo tulichokata. Na katika kisa kile, nyuma ya masikini wale alikuwako mfalme aliyekuwa akichukua kila jahazi kwa nguvu. Mfalme alikuja na askari. Mimi nilikuja na hadithi.

Namba ya nahodha ilikuwa kwenye simu ya baba mdogo siku zote. Sina kisingizio cha kwamba hakupatikana. Nilikaa miezi miwili tangu nilipoijua hukumu hadi nilipopiga, kwa aibu tu. Alinikumbuka haraka, lakini hakunikumbuka kwa fedha. Alisema, "Wewe ndiye uliyetusalisha." Nikamweleza kila kitu: kwamba hadithi haikuwa mahali pake, kwamba aliponiuliza kama ni neno la Mtume nilimjibu bila elimu, na kwamba anatudai 120,000. Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza hesabu ambayo hatukuwahi kuiuliza.

Boti si yake. Ni ya tajiri. Mafuta hutolewa kwanza, halafu fungu la chombo huenda kwa mwenye chombo, na kinachobaki hugawana nahodha na baharia. Tajiri hapunguziwi kwa sababu abiria wamekata. Siku ile fungu la chombo lilikuwa 60,000, na ndizo zile nilizompa kwa ihsani. Zote zilikwenda kwa tajiri. Zile 120,000 tulizobaki nazo zilikuwa 80,000 za nahodha na 40,000 za yule kijana. Walirudi majumbani mwao na kolekole mmoja mmoja.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Langu nimekusameheni. La mtoto wa watu si langu kulisamehe." Mimi niliyesoma ndiye ninayeandika hapa, lakini fiqhi iliyo kamili katika kisa chote hiki ni sentensi hiyo ya mtu wa pwani aliyeshika usukani. Haki ya mja husamehewa na mwenyewe. Nikamuuliza kijana yuko wapi. Amekwenda dago upande wa Pemba na wavuvi wengine, simu hana. Nikasema basi nitume zake kwako umhifadhie. Akacheka, akasema nisimtumie yeye, njaa ikimkuta atazila.

Sasa nirudi kwenye Rumonge. Maji ya Tanganyika hayana chumvi na hakuna atakayepata shaka ya kutawadha nayo, lakini ijara ni ile ile. Namwomba Amiri, kabla hatujatoka, tumuulize mwenye mashua mambo yote na tuyaandike: saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, jaketi za kuelea zipo kwa kila mmoja hata kwa watoto, nani analipa mafuta, hali ya hewa ikimlazimisha kurudi mapema tutafanyaje. Kipengele hiki cha mwisho ndicho watu husahau, kisha hugombana gatini mbele ya wake na watoto. Na tukiona mwenye mashua ana vijana wa kazi, tuulize nao wanalipwaje. Sisemi tusipatane bei. Kupatana ni haki yetu, na wengi wetu mifuko ni mitupu. Tupatane mpaka tuchoke. Ila tupatane kabla ya kupanda.

Na kwa ndugu zangu tunaosoma dini: msidhani haya ni ya baharini peke yake. Nimewasikia wenzetu hapa Gitega wakimkatia mwendesha taksi ya baiskeli kwa kuwa amewachelewesha kwenye mlima, na mama tuliyemwajiri kupika futari akakatwa kwa kuwa pilau ilikuwa na maji. Na kila mara kuna mmoja wetu anayetafutiwa macho, aseme dini inasemaje. Siku hiyo ukitazamwa wewe, sema sijui. Imamu Malik alijulikana kwa kusema sijui, na alikuwa Imamu wa Madina. Mimi nilikuwa mwanafunzi ambaye hajafika mlango wa ijara, na sikuweza kulitamka neno hilo mbele ya marafiki zangu wanne.

Wale sita tuliochanga, kila mmoja inamgusa 20,000. Watano wametoa. Mmoja anakataa, anasema nahodha alituonyesha picha za samaki wakubwa, na hiyo ni sawa na kuahidi. Bado anashikilia fatwa yangu ya kwanza, na sina wa kumlaumu kwayo, kwa hiyo nimemlipia mimi. Nahodha alikwisha kusamehe, lakini 80,000 zake tumemtumia kupitia kwa baba mdogo, na amezipokea. Zile 40,000 tumezibadilisha Kobero, ziko ndani ya bahasha kwa mweka hazina wa tawi la Muyinga, zimeandikwa si mali ya jumuiya. Nahodha amesema watu wa dago watakaporudi atanipigia.